Kusaka hazina, webukwesti au mradi huria: ipi inafaa darasa lako la Kiswahili?

Swali linalorudi kila muhula kwa grupu za walimu wa Kiswahili huku Malindi ni hili, mtaala unataka watoto wachunguze mambo mtandaoni, sasa nianzie wapi na darasa la watoto hamsini na ushei, tableti chache ambazo nusu hazishiki chaji, na bando linatoka mfukoni kwangu? Majibu huwa mengi na kila mtu anavutia kwake. Mmoja atakwambia wape maswali kumi waende wakatafute, yaani kusaka hazina. Mwingine atakwambia fanya webukwesti (WebQuest), yaani uchunguzi kwa kurasa za mtandao ambazo mwalimu ameshazichagua. Wa tatu, na huyu kawaida ametoka semina juzi, atakwambia fanya mradi huria, waache watoto wajichagulie mada wenyewe, ndio ubunifu huo. Wote wanaiita "mradi wa utafiti" na hapo ndo tunapopotezana, manake hizo ni kazi tatu tofauti kabisa na kila moja inamtoa mtoto Kiswahili tofauti mdomoni.

Kwa hivo wacha nizipange pamoja kwa mada moja tu, tuone. Mada yenyewe ni swali ambalo mtoto yeyote kutoka Malindi mpaka Watamu ashawahi kulisikia: kwa nini watu wa Gede, ule mji wa kale wa Waswahili, waliuhama mji wao?

Nimeichagua Gede kwa sababu magofu yako kilomita kama 15 tu kusini mwa Malindi, watoto wengi wamepita hapo kwa matatu hata kama hawajaingia ndani, na habari zipo za kutosha mtandaoni hasa baada ya UNESCO kuiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwanaakiolojia James Kirkman aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948 aliona kisima karibu na msikiti mkuu kimeongezwa kina, akasema labda maji yalikuwa yanashuka. Wengine wanawataja Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, waliopanda na pwani mwaka 1589 wakivamia miji. Wengine Waoromo, wafugaji waliokuwa wanateremka kutoka kaskazini. Wengine wanasema angalia siasa, mwaka 1593 Wareno wakahamia Mombasa na mtawala wa Malindi akaenda nao, biashara ikafuata. Na kitu cha ajabu, Wareno hao hao walikaa Malindi miaka mingi lakini hawakuandika chochote kuhusu Gede, mji wenye kasri na misikiti, umbali wa mwendo wa saa chache kwa miguu. Hapo pana kitu cha kuchunguza kweli. Ukimpa mtoto swali ambalo jibu lake ni mwaka au jina, hajachunguza, ametafuta tu.

Kusaka hazina

Hii ndo rahisi kuandaa. Unaandika maswali kama manane, unaweka viungo vya kurasa mbili tatu, watoto wanasoma wanajaza. Lile kaburi lenye tarehe limeandikwa mwaka gani wa Hijria? (802, yaani 1399.) Taja vitu vitatu vilivyotoka nchi za mbali. Nyumba zilijengwa kwa nini? Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha na unasahihisha ukiwa kwa tuktuk unaenda nyumbani.

Sasa angalia majibu wanayokuletea. "802." "Sahani za Uchina, shanga." "Matumbawe." Hiyo ndo lugha yote uliyoipata! Nambari na nomino. Hakuna kitenzi, hakuna kiunganishi, hakuna mtoto aliyelazimika kufikiria aseme vipi. Kwa kusoma haraka haraka na kuokota habari ni zoezi zuri, sikatai, na msamiati wa gofu, kaburi, mihrabu, kisima unaingia bila kelele. Kwa gredi ya 7 muhula wa kwanza naona inafaa sana, wajue tu jinsi ya kusoma ukurasa wa mtandao bila kupotelea kwa matangazo. Pia kama unafundisha wageni, na hapa Malindi Waitaliano wanaotaka Kiswahili hawakosi, kwa anayeanza hiyo ndo saizi yake, ukimpa zaidi ya hapo utamfukuza.

Kitu kimoja kinachoiokoa ni swali kubwa la mwisho. Baada ya yale madogo unauliza moja ambalo jibu lake haliko kwa ukurasa wowote, ni lazima mtu aunganishe. Mfano: kutokana na ulivyoviona, watu wa Gede walikuwa matajiri au la? Andika sentensi nne. Hapo sasa angalau "kwa sababu" itatokea.

Webukwesti

Ilibuniwa mwaka 1995 na Bernie Dodge, profesa wa chuo kikuu cha San Diego State huko Marekani, akishirikiana na Tom March. Ukikumbuka kwamba Google ilianza 1998 utaelewa mpango wenyewe ulivyo: mwalimu ndiye anayetafuta kurasa, mwanafunzi anapewa zimeshachaguliwa, nguvu zake zote ziende kwenye kufikiri badala ya kuzurura. Zamani tatizo lilikuwa kutopata habari, sasa tatizo ni kufurikwa nazo, lakini dawa ni ile ile. Ina sehemu zake, utangulizi, kazi, hatua, tathmini, hitimisho. Ya muda mfupi inaenda kipindi 1 mpaka 3, ya muda mrefu wiki moja hadi mwezi.

Tahadhari hapa. Nyingi utakazozikuta mtandaoni zinaitwa webukwesti ni kusaka hazina iliyovalishwa vichwa vitano. Utangulizi upo, hatua zipo, rubriki (jedwali la vigezo vya kusahihisha) ya rangi ipo, alafu ukifika kwa kazi yenyewe imeandikwa "andika ripoti kuhusu Gede". Hiyo watoto watakopi na kupesti na utawalaumu bure. Roho ya kitu chote iko kwa ile sehemu ya kazi. Dodge mwenyewe alizigawa kazi mafungu 12, kusimulia tena ulichosoma ni mojawapo na ndio nyepesi, alafu kuna kutegua fumbo, kuripoti kama mwanahabari, kubuni kitu, kushawishi, kufikia makubaliano, kutoa hukumu na nyinginezo. Kwa darasa la lugha mimi ningechukua fumbo, kushawishi na makubaliano niache zilizobaki, sababu hizo tatu haziendi bila watu kusemezana.

Sasa Gede kwa mtindo huu. Kikundi cha wanne. Mmoja ni mkaguzi wa maji, anasoma ukurasa kuhusu visima. Mmoja wa vita, anapewa Wazimba na Waoromo. Mmoja wa biashara na siasa, huyu ana Wareno na Mombasa. Wa nne anakusanya simulizi, anauliza nyumbani na mtaani wazee wanasema nini kuhusu Gede, na usishangae akirudi na mizimu, iandikwe vilevile kama simulizi. Kwanza wenye kazi moja kutoka vikundi tofauti wanakaa pamoja, wakaguzi wa maji wote meza moja, wanaelewana. Kisha kila mmoja anarudi kwa kikundi chake akiwa ndiye pekee anayejua habari hiyo. Mwisho kikundi kinaandika maneno ya kibao cha kuwekwa pale magofuni, yasizidi 120, ya kusomwa na watoto wa gredi ya 5 wanaokuja ziara, yakieleza kwa nini mji ulihamwa, na wote wanne watie sahihi.

Hiyo 120 ina kazi yake. Haiwezi kubeba sababu zote kwa ukamilifu kwa hivo lazma wabishane nini kibaki. Na ubishi wenyewe unakuwa hivi:

– Kisima kingekauka wangechimba kingine.
– Walichimba! Hicho cha msikitini kiliongezwa kina, soma hapo chini.
– Sasa kama walichimba mbona wakahama?
– Huenda maji yaliingia chumvi.
– Huenda wapi, imeandikwa wapi?

Angalia kilichotokea hapo. -nge- imekuja yenyewe. Huenda imekuja yenyewe. Mtoto anamdai mwenzake ushahidi. Ungeweza kufundisha hali ya masharti wiki nzima ubaoni na "ningekuwa na pesa ningenunua gari" usipate hata robo ya hii. Swali la kitu kilichopita ambacho hakuna mwenye hakika nacho linamlazimisha mtu aseme -nge-, -ngali-, yawezekana, ingawa, hata hivyo, kulingana na. Na hii ndo ningeitazama kwanza kuliko bando na tableti: kabla hujachagua mradi andika sentensi tano unazotaka kuzisikia darasani, alafu uliza kazi hii inazitaka sentensi hizo au mtoto anaweza kuimaliza bila kuzigusa? Kama anaweza, badilisha kazi.

Wale wanaosuasua wape kadi ya vianzio. "Ushahidi unaonyesha kwamba…", "Nakubaliana nawe ila…", "Laiti wangali…". Wenye uwezo hawataitumia, wala usiwalazimishe.

Ubaya wake ni maandalizi. Utakaa jioni kadhaa unatafuta kurasa zinazosomeka na kiwango cha watoto wako, na viungo hufa, ukurasa uliokuwepo Januari Mei haupo, kwa hivo vibonyeze vyote siku moja kabla. Tena usipopanga majukumu vizuri yule mchangamfu atafanya yote na wengine wanajipiga selfi. Ndo maana kila mmoja aandike kwanza aya yake peke yake, uichukue, ndipo waingie kwa kibao. Alama nazo zigawe hivo hivo, za mtu na za kikundi, na kwenye rubriki ya kuzidisha, kufikia, kukaribia na kuwa mbali na matarajio weka mstari mmoja wa lugha uliyoilenga, sio "ametumia lugha fasaha" ambayo haimwambii mtoto chochote. Andika: "ametoa dhana mbili kwa kutumia huenda au -ngali- na kila moja ina ushahidi."

Mradi huria

Hapa mtoto anakuja na swali lake, anatafuta vyanzo vyake, anaamua atawasilisha vipi. Ukifaulu hakuna kinachoushinda. Ukianguka unaanguka na darasa zima.

Tatizo la kwanza ni swali. Mwambie mtoto achague mada, atakwambia "historia ya Malindi" au "utalii", na mada kubwa namna hiyo jibu lake tayari liko Wikipedia limekaa linamsubiri. Kazi ya mwalimu wiki nzima ya kwanza ni kubana tu. Utalii. Utalii gani? Wa baharini. Nini kuhusu bahari? Samaki. Samaki wamefanyaje? Bei. Bei imefanyaje? Mpaka mnafika hapa: bei ya samaki sokoni Malindi inabadilikaje kati ya kusi na kaskazi, na kwa nini? Swali hilo sasa ni lake, na hakuna ukurasa wa kulikopi. Mtandaoni atapata habari za upepo na mawimbi, bei ataipata kwa kuamkia mapema sokoni, na sababu ataipata kwa wavuvi, na wavuvi ukiwauliza vizuri, shikamoo kwanza, wanaongea Kiswahili ambacho hakuna kitabu cha kozi kinacho. Kurudi na mahojiano ya dakika kumi, kuyanakili, kisha kuyageuza yawe ripoti sanifu bila kupoteza maana, aisee hiyo ni kazi ya lugha kweli kweli, inagusa kusikiliza, kuandika na rejista (mtindo wa lugha unaofaa mahali) kwa mkupuo mmoja.

Lakini hesabu vipindi. Kiswahili junia (gredi ya 7 hadi 9) ni vipindi 4 kwa wiki, na mradi kama huu ukiubana chini ya wiki nne utapata mabango ya manila yenye picha na maneno ya kukopi. Inataka daftari la safari, kila wiki mtoto anaandika amepata nini, amekwama wapi, swali limebadilika vipi, na wewe unalisoma. Watoto hamsini, maswali hamsini. Mimi kwa darasa la namna hiyo singethubutu isipokuwa kwa makundi, na kwa gredi ya 9 au senia, tena baada ya hao watoto kupitia webukwesti mbili hivi wakaonja kushindanisha vyanzo. Kumrusha mtoto ambaye hajawahi kulinganisha kurasa mbili moja kwa moja kwenye mradi huria ni kumtosa Mto Sabaki ajifunze kuogelea humo.

Kuna mradi wa nne, wa kushirikiana na darasa la mbali, tuseme nyinyi Malindi na wenzenu Unguja, mnachunguza swali moja na kubadilishana sauti za WhatsApp. Kwa lugha ni mtamu kupita yote, mtoto anapata msikilizaji wa kweli. Kinachouua ni kalenda, sisi tunafunga Aprili na Agosti, Tanzania wanafunga katikati ya mwaka Juni, mkipata wiki tatu mfululizo mko wote shuleni shukuruni. Na kabla picha au sauti ya mtoto haijatoka nje ya darasa pata idhini ya mzazi kwa maandishi, sheria ya kulinda data ya 2019 haina mchezo na habari za watoto.

Kurasa za Kiingereza na akili unde

Haya mawili yanaharibu miradi mingi kuliko ukosefu wa tableti. Kurasa nzuri kuhusu Gede nyingi ni za Kiingereza. Wako walimu wanaosema basi hiyo si Kiswahili tena. Mimi naona ni kinyume, mtoto anayesoma Kiingereza kisha amweleze bibi yake kwa Kiswahili amefanya kazi ngumu ya lugha kuliko anayesoma Kiswahili na kukinakili. Ila ipangwe. Usimpe ukurasa mzima, mpe aya mbili, na mwiko wa kuandika akiusoma: asome, afunge, aseme kwa mwenzake, ndipo aandike. Asiyefunga ukurasa ataleta "mji ulikuwa umeachwa na wakazi wake kutokana na mambo mbalimbali", Kiswahili cha mashine ambacho sote tunakijua.

Akili unde vilevile. Ukiuliza ChatGPT kwa nini Gede ilihamwa huenda ikakupa sababu kadhaa zimepangwa vizuri, bila kisima mahsusi, bila kukwambia ipi ina nguvu. Kupiga marufuku ni kujichosha. Kwa kusaka hazina umeshashindwa kabla hujaanza, majibu yote atayapata kwa sekunde. Kwa webukwesti ile ya vikundi inasumbua kidogo tu, sababu mtoto lazma asimame mbele ya wenzake aitetee. Ningefanya hivi: libandike jibu la akili unde ubaoni kama chanzo cha tano, wakaguzi walichambue kama wanavyochambua vingine. Nani ameandika? Ushahidi uko wapi? Kipi kimekosekana ambacho sisi tumekisoma? Kwa mradi huria, daftari la safari na sauti ya mvuvi ndo ngao yako.

Basi uchague ipi

Una kipindi kimoja au viwili, watoto ni wageni kwa mambo haya, au unaanza mada mpya na unataka msamiati tu? Saka hazina, na usisahau swali kubwa.

Una wiki moja mpaka mbili na kuna sarufi maalumu unayotaka itumike? Webukwesti, bila kufikiri mara mbili. Kwa madarasa mengi ya huku kwetu hii ndo ningeipa kipaumbele, na sio eti kwa sababu ni ya kisasa, ni ya 1995 jamani, ila ndiyo pekee ambayo mwalimu anaishika lugha na mtoto anashika ubishi. Tena inavumilia ufukara wa vifaa, sababu kurasa unazijua mapema unaweza kuzihifadhi kwa PDF au kuchapa ukiwa na mahali pa bei nafuu.

Una muhula mzima, watoto waliokomaa, na mkuu wa shule anayekubali watoto watoke kwenda sokoni? Mradi huria.

Zile tableti za serikali zilizoanza kuletwa shule za msingi mwaka 2016, kama bado ziko kabatini, ziamshe kabla hujapanga chochote, zichaji usiku mzima uone ngapi zinadumu na chaji kwa muda wa saa mbili. Kama intaneti ndo shida, tafuta Kiwix, ni programu ya bure inayobeba Wikipedia nzima ya Kiswahili bila mtandao, unaishusha mara moja mahali penye waifai kisha unaitia kwa kila kifaa. Na kama huna tableti hata moja, simu yako tu na stima inayokatika, webukwesti bado inawezekana: kurasa nne zilizochapishwa, moja kwa kila mkaguzi, simu inakaa mezani kwako kama dawati la ukaguzi, kikundi kikikwama kinatuma mjumbe mmoja na swali moja lililoandikwa kwa sentensi kamili. Swali likiwa halijakamilika mrudishe akaliandike upya.